Kilabu cha pombe, soko la mkulima Sikonge

Mabenchi ya mbao, kivuli, ndoo na kata. Kilabu cha pombe za kienyeji kijijini hakina friji wala muziki wa kupasua masikio. Hata hivyo, katika vijiji vya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, hapo ndipo wengi huelekea jioni baada ya kazi za shamba.

Desturi hii ni ya siku nyingi. Richard Burton, aliyefika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, mwaka 1857 kwa njia ya misafara, aliandika kuhusu iwanza, nyumba ya Wanyamwezi ambamo wanaume walikutana kuzungumza, kuvuta na kunywa pombe. Kilabu kimerithi kazi hiyo. Hapo mtu husikia bei ya mahindi, hupata kibarua wa palizi na hujua nani anauza ng'ombe.

Siri yake kibiashara ni malighafi iliyo jirani. Mtama huloweshwa, huoteshwa uwe kimea, hukaushwa, husagwa, kisha hupikwa. Wanzuki hutokana na asali, mali ya misitu ya miombo. Mrina asali makini hutenga asali safi kwa ajili ya chupa; ile iliyochanganyika na masega na chavua humuuzia mpika wanzuki. Machicha ya mtama nayo hulisha kuku na nguruwe. Tofauti na viroba, vilivyopigwa marufuku mwaka 2017, fedha ya kata moja hubaki kijijini.

Wapishi wengi ni akina mama, na pipa moja laweza kulipa ada au kununua mbolea. Lakini pombe hii haikai. Siku chache tu imechacha. Wakipika wote siku moja, wote hupata hasara. Kupeana zamu ndiyo dawa.

Hatari kubwa ipo ghalani. Debe la mtama lililoingia kwenye pipa halirudi kuwa ugali, na mwaka wa mvua haba familia hulijutia. Kwa hiyo tenga kwanza chakula cha kufikisha mavuno yajayo, ndipo upike ziada. Lipia leseni, tumia maji safi, na jiepushe na gongo, ambayo ni haramu. Mwisho, andika gharama zote, kuni zikiwamo hata kama umezikata mwenyewe. Bila hesabu hiyo, kilabu kitajaa wateja na mfuko utabaki mtupu.