DALIA NA MANJANO: TUJIFUNZE KUTOKA JIKO LA KIHINDI

Wahenga walisema kuwa afya ni bora kuliko mali. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu huisahau tunapofika mbele ya sahani au mbele ya kioo. Ndugu msomaji, katika makala haya ninakusudia kueleza mambo mawili yanayotoka katika jiko la Kihindi: chakula kinachoitwa dalia, yaani ngano iliyopasuliwa, na dawa ya kujipaka usoni inayotengenezwa kwa unga wa dengu na manjano. Nimeyachagua haya kwa sababu mbili. Nyanya yangu ana ugonjwa wa kisukari, na wanafunzi wenzangu kadhaa wanaharibu nyuso zao kwa kremu za vichochoroni.

Huenda ukauliza, mtoto wa Ruiru ameyajuaje ya Wahindi? Shangazi yangu amekuwa mpishi katika nyumba ya familia moja ya Kihindi mjini Thika kwa miaka kumi na minne. Aliingia akijua ugali na githeri, na sasa anapika kila kitu cha Kigujarati bila kuangalia kitabu. Mwalimu wake alikuwa bibi mzee wa nyumba ile, ambaye watu wote humwita Ba, maana yake mama. Mengi nitakayoyasema yametoka kwake kupitia kwa shangazi, na mengine nimeyatafuta katika vitabu vya sayansi na kwa kuuliza kliniki.

WALIFIKAJE HAPA KWETU?

Wahindi walifanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi, lakini huku bara waliingia kwa wingi wakati wa kujenga reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi elfu thelathini waliletwa kutoka India. Wengi wao walirudi kwao kazi ilipokwisha, lakini maelfu kadhaa walibaki. Wafanyabiashara kutoka Gujarati nao walikuja wakafungua maduka kando ya reli. Tawi la reli la kuja Thika lilifunguliwa mwaka 1913, na mji ukakua na maduka yao, kisha viwanda. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuwa Wakenya wenye asili ya Kiasia ni kabila la 44 la Kenya. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya chakula chao, tunazungumza juu ya chakula cha Wakenya wenzetu.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua pia kwamba lugha yetu imepokea mengi kutoka huko. Chapati, gari, bima, laki na hundi ni maneno yenye asili ya Kihindi. Kama maneno yao yameingia kinywani mwetu, kwa nini chakula chao kizuri kisiingie?

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Ukimwuliza mtu wa Ruiru chakula cha Kihindi ni nini, atakujibu mara moja: chapati, bhajia na sambusa. Si kosa, lakini vyakula hivyo vina mafuta mengi, na chapati na sambusa hupikwa kwa unga mweupe. Shangazi anasema kuwa nyumbani kwa Ba, bhajia huliwa wageni wakija au mvua ikinyesha. Chakula cha siku za kawaida ni dengu, mboga, mtindi, chapati nyembamba ya unga wa ngano isiyokobolewa, na dalia.

DALIA NI NINI?

Dalia ni ngano nzima iliyosafishwa kisha ikavunjwavunjwa vipande vidogo. Haikusagwa ikawa unga, wala haikukobolewa. Waturuki na Waarabu wana ndugu yake anayeitwa bulguri, ila yeye huchemshwa kwanza, akaanikwa, ndipo akavunjwa. Hata Waswahili wa pwani hawako mbali, kwani bokoboko la Mombasa na Lamu hupikwa kwa ngano na nyama mpaka vikapondeka pamoja.

Ili tuelewe faida yake, hebu tuichunguze punje ya ngano. Punje ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo ndilo hutoa pumba. Ndani kuna kiini kidogo ambacho kingeota kikawa mmea. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Mashine ya kiwandani inapotengeneza unga mweupe huondoa pumba na kiini, ikaacha wanga peke yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Hilo ni jambo jema, lakini nyuzinyuzi zilizokwenda na pumba hazirudishwi. Gramu 100 za ngano iliyopasuliwa zina karibu gramu 12 za nyuzinyuzi, hali gramu 100 za unga mweupe zina karibu gramu 3 tu.

Nyuzinyuzi zina kazi gani? Kwanza, husaidia choo kutoka vizuri. Pili, hushibisha, kwa hivyo mtu hali kupita kiasi. Tatu, pamoja na ule ukubwa wa vipande vya dalia, huufanya wanga usageke polepole tumboni. Sukari basi huingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kumwagika mara moja. Kwa mtu mwenye kisukari hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa mwili wake hauna insulini ya kutosha, au unayo lakini haifanyi kazi ipasavyo.

NYANYA NA SAHANI YAKE

Nyanya alipoambiwa kliniki apunguze ugali mweupe, wali na chapati, alikasirika sana. Alisema, "Sasa mnataka nile nini, majani kama mbuzi?" Kwa wiki kadhaa alikula kama kawaida tukiwa shuleni na kazini, na miguu yake ikawa inafa ganzi. Nyumbani tulikuwa na hofu, maana tunamjua jirani aliyekatwa mguu kwa ajili ya ugonjwa huohuo.

Shangazi ndiye aliyekuja Jumapili moja na mfuko wa dalia. Hakumhubiria. Alipika tu, akaweka mezani. Nyanya alionja, akasema inafanana na uji mzito wa zamani wa nafaka zilizotwangwa kwa kinu, akamaliza sahani. Tangu hapo hupikiwa mara tatu au nne kwa wiki. Daktari bado anampima, na vidonge vyake anavimeza kila siku. Hapa nataka nisisitize: dalia si dawa ya kisukari. Ni wanga pia, na ukijaza sinia zima sukari itapanda tu. Kuna jirani aliyemshauri nyanya aache vidonge atumie majani na mizizi. Shangazi alimjibu kwa adabu kuwa hata Ba, aliyezaliwa na manjano mkononi, anameza vidonge vyake vya presha kila asubuhi.

JINSI YA KUPIKA

Chakula hiki huitwa kichidi ya dalia, na kinatosha watu wanne. Tayarisha vitu hivi:

- dalia kikombe 1
- ndengu nusu kikombe, zilizolowekwa na kuchemshwa mpaka zikaanza kulainika
- mafuta au samli kijiko 1
- bizari nyembamba nusu kijiko cha chai
- kitunguu 1, tangawizi kidogo na kitunguu saumu
- manjano robo kijiko cha chai
- karoti 1, nyanya 1 na minji konzi moja
- maji vikombe 4, chumvi kidogo na dania

Kwanza, kaanga dalia kavu kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka inukie kama njugu, kisha iweke kando. Usiiache, kwani huungua upesi. Pasha mafuta, tia bizari nyembamba, nayo ikianza kupasukapasuka tia kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu. Vikilainika tia nyanya, manjano, karoti na minji. Sasa ongeza dalia, ndengu, maji na chumvi. Funika, uache ichemke kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 20 hadi 25, ukikoroga mara mojamoja. Ikikauka kabla ya kuiva, ongeza maji ya moto. Nyunyiza dania, ukaile na maziwa lala au mtindi.

Kuna dalia tamu pia inayoitwa lapsi, ambayo Wagujarati huipika siku za heri kama Diwali. Hutiwa samli, iliki na sukari guru. Ni tamu ajabu, lakini wenye kisukari wasidanganyike. Sukari guru ni sukari.

Sasa swali la mfuko. Dalia ya pakiti katika maduka makubwa ni ghali kwa familia nyingi. Sisi hununua ngano nzima sokoni Jamhuri, Thika, ngano ambayo hulimwa hapahapa Kenya, sehemu kama Narok, Nakuru na Uasin Gishu. Tunaichagua mawe, tunaiosha, tunaianika mpaka ikauke kabisa, halafu tunaipeleka kwenye mashine ya kusaga na kumwomba mwenye mashine aivunje tu, asiisage. Nyumbani tunaichekecha. Vipande ni dalia, na ule unga unaoanguka chini tunapikia uji. Hakuna kinachotupwa. Ila yule ambaye tumbo lake linakataa ngano asijaribu.

MANJANO USONI

Nikiligeukia jambo la pili, Wahindi wana desturi ya kumpaka bibi na bwana harusi manjano kabla ya arusi ili ngozi ing'are. Waswahili wa pwani nao humsugua bibi harusi kwa singo. Mchanganyiko wa Kihindi huitwa ubtani, na Ba huutengeneza hivi: unga wa dengu (ule wa kupikia bhajia) vijiko 2, manjano ya kushika kwa ncha za vidole tu, na mtindi wa kutosha kuufanya uwe kama uji mzito. Paka usoni ukiepuka macho, kaa dakika 10 au 15, kisha uoshe kwa maji ya vuguvugu bila kusugua kwa nguvu. Mara moja kwa wiki yatosha.

Unga wa dengu hunyonya mafuta na kuondoa uchafu. Mtindi hulainisha. Manjano yana kitu kinachoitwa kukumini, ambacho katika maabara kimeonekana kupunguza uvimbe. Hata hivyo, tusitie chumvi. Ubtani husafisha ngozi, lakini hautibu chunusi kali. Chunusi za umri wetu huletwa na homoni, ambazo huzidisha mafuta, vitundu vya ngozi vikaziba na bakteria wakazaana humo. Kwa hiyo mwenye chunusi si mchafu, na jameni tuache kuchekana darasani.

Tahadhari ni hizi. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono, upande wa ndani wa kiwiko, ukangoje siku moja. Ukiwashwa, acha. Manjano hutia madoa, basi usivae shati la shule. Usipake maji ya ndimu usoni kisha ukatoka juani, kwani yanaweza kuunguza ngozi. Tena, uwe mwangalifu unaponunua manjano. Mwaka 2019 watafiti waligundua kuwa huko Bangladesh baadhi ya manjano yalitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yapendeze, na risasi ni sumu kwa ubongo, hasa wa watoto.

KREMU ZA KUJICHUBUA

Msichana mmoja ninayemjua aliweka akiba ya nauli yake, akawa anatembea kwa miguu, ili anunue kremu isiyo na maandishi kwenye kibanda fulani. Wiki za kwanza alisifiwa. Halafu uso ukaanza kuwaka akiingia juani, na sasa ana madoa meusi mashavuni kuliko rangi aliyokuwa akiikimbia. Kwani rangi yake ilikuwa na kosa gani?

Rangi yetu inatokana na melanini, ambayo hutukinga na jua. Kremu nyingi za kujichubua huizuia kutengenezwa. Baadhi zina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo na neva. Zebaki katika vipodozi hivyo imekatazwa na mkataba wa kimataifa wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo bila daktari huweza kuacha madoa yasiyotoka. Na mtu asije akasema kuwa manjano nayo yatamfanya mweupe. Hayafanyi hivyo, na ni vizuri kwamba hayafanyi.

Shime basi, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa. Mzee wa nyumbani akikataa chakula cha daktari, msimgombeze, mpikieni kitu kitamu ambacho pia kitamfaa. Mwenye chunusi zinazouma aende hospitali mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayetaka dalia ya kujaribu asiogope kuniuliza. Mashine ninaijua, na mwenye mashine sasa haulizi tena kama nimechanganyikiwa nikimwambia, "Vunja tu, usisage."