Fundi huanza na vifungo

Tuseme kijana wa Kikongo pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, anasoma Wikipedia kwenye simu, anakuta kambi hiyo ilianza 1960. Mzee wa jirani humwambia kila siku ni 1958. Anabonyeza “Hariri”, anasahihisha, anahifadhi. Kesho yake 1960 imerudi, na kwenye ukurasa wa majadiliano mtu asiyemjua anamuuliza: chanzo kiko wapi?

Wengi huishia hapo, wakiudhika kwamba bando lao limeteketea bure. Anayebaki huanza kupekua, akagundua kwamba mzee na makala hawakupishana sana: makazi yalifunguliwa 1958, yakatambuliwa rasmi 1960. Anaandika yote mawili na kuweka chanzo. Safari hii hakuna anayefuta.

Mwaka 2005 watafiti Bryant, Forte na Bruckman walichapisha utafiti waliowahoji ndani yake wachangiaji wazoefu wa Wikipedia ya Kiingereza. Mgeni, walibaini, huona rundo la makala na kosa moja linalomkera. Mzoefu huona kazi nzima pamoja na watu wanaoifanya. Nadharia waliyoitumia kueleza jinsi mgeni anavyogeuka mzoefu ni ya Jean Lave na Etienne Wenger, na Lave alikuwa amekaa na mafundi cherehani wa Liberia. Kule mwanagenzi huanza na vifungo na pindo; mkasi wa kukatia kitambaa hushikwa baadaye sana, kwa sababu kifungo kikikosewa hushonwa upya, kitambaa kikikosewa ni hasara. Koma na mwaka ndivyo vifungo vya kamusi elezo.

Baadaye kijana wetu anafungua “Mabadiliko ya karibuni” kabla hata ya kusoma makala yoyote. Anakuza mbegu, yaani makala fupi zinazosubiri mtu. Anafuta matusi. Anamkaribisha mgeni.

Zawadi haifupishi njia hiyo. Google iliposhindanisha wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala kuanzia 2009, Wikipedia ya Kiswahili ilipata mamia ya makala. Shindano lilipokwisha, waliobaki walikuwa wachache mno. Ndiyo maana mafunzo ya Wikipedia ya siku moja mjini Mbarara, si mbali na Nakivale, hata yawe na soda na intaneti ya bure, hayanisisimui sana. Ningeuliza kwanza ni nani atakayepita kwenye majadiliano wiki inayofuata, mwanafunzi atakapofutiwa sentensi yake ya kwanza.