Kweli au uongo: yanayosemwa Beni na Butembo kuhusu watafiti

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliwapata watu 3,470 mashariki mwa Kongo, na 2,287 kati yao walikufa. Beni, Mangina, Butembo na Katwa ndizo zilizoumia zaidi. Pamoja na madaktari walikuja watafiti wa kila aina: wa virusi, wa chanjo, wa mila za mazishi, hata wa uvumi wenyewe. Walichukua damu, waliuliza maswali nyumba kwa nyumba, waliandika. Majibu mengi yalichapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mama anayeuza sombe sokoni Butembo hatayaona kamwe. Mtu aliyeulizwa maswali asirudishiwe majibu hujitafutia majibu yake mwenyewe. Haya ni baadhi ya yale yaliyozagaa, na ukweli wake.

“Walitujaribia dawa kama panya.”

Uongo, ila una kipande cha kweli ambacho hakipaswi kufichwa.

Panya hapewi nafasi ya kukataa. Katika jaribio lililoitwa PALM, kifupi cha maneno Pamoja Tulinde Maisha, mgonjwa au ndugu yake aliombwa ridhaa kwanza. Lilianza Novemba 2018 na likahusisha wagonjwa 681 katika vituo vinne: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Hakuna aliyepewa maji matupu kwa jina la dawa. Kila aliyeingia alipata mojawapo ya dawa nne, kwa kura, ili asiwepo wa kupendelewa. Agosti 2019 kamati huru iliyokuwa ikisimamia takwimu iliona kwamba dawa mbili zinaokoa watu wengi kuliko nyingine. Zile nyingine mbili zikaondolewa, na kuanzia hapo wagonjwa wakapewa hizo mbili bora tu. Kwa REGN-EB3 walikufa asilimia 33.5, kwa mAb114 asilimia 35.1. Kwa ZMapp ilikuwa 49.7, na kwa remdesivir 53.1. Kabla ya hapo dunia haikuwa na dawa ya Ebola iliyothibitishwa namna hiyo. Ilithibitishwa kwetu, na wagonjwa wetu.

Tena hiyo mAb114 asili yake ni damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995.

Kipande cha kweli kinahusu chanjo. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko huo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo chanjo ile haikuwa na leseni popote. Ilikuwa imejaribiwa Guinea mwaka 2015 na kuonyesha nguvu kubwa, lakini Ulaya iliiidhinisha Novemba 2019 tu. Ndiyo maana aliyechanjwa alitia sahihi karatasi na kufuatiliwa baadaye. Aliyesema “hiyo chanjo bado inachunguzwa” alisema kweli. Alistahili kujibiwa hivyo, kwa heshima, badala ya kuitwa mpinzani wa riposti, yaani kazi ya kupambana na Ebola.

“Ukiingia CTE (kituo cha matibabu ya Ebola) hutoki.”

Uongo, na uongo huu uliua watu. Takwimu zile zile za PALM zinaonyesha kwamba aliyefika na virusi vichache mwilini na kupewa mojawapo ya dawa mbili bora alikuwa na nafasi ya kupona karibu tisa kwa kumi. Na kila siku moja ya kuchelewa baada ya dalili kuanza iliongeza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 11. Aliyesikia kwamba CTE ni kaburi alikaa nyumbani siku tano, akapelekwa akiwa hoi, akafa, na kifo chake kikawa ushahidi wa maneno yale yale yaliyomchelewesha.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu pia. Mtu wako anachukuliwa na watu waliofunikwa usoni, humwoni tena, unarudishiwa mfuko uliofungwa. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, ili familia imwone mgonjwa wake na kuzungumza naye. Kwa maoni yangu chumba kile kilifanya kazi kubwa kuliko vipeperushi vyote.

“Watu walikataa kwa sababu ya ujinga.”

Uongo, na huu ulisemwa zaidi na wenye elimu. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Lakini soma na takwimu ya pili: chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa hapa wanatetea maslahi yao, na wasioamini viongozi ndio walioelekea kukataa chanjo. Tatizo lilikuwa imani, wala si akili.

Imani hiyo ingetoka wapi? Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga, na ulinzi haukufika. Fedha ambazo hazikuonekana kwa ajili ya waliochinjwa zilionekana ghafla kwa ajili ya Ebola, pamoja na magari mapya. Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ulisogezwa hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Rais mpya aliapishwa Januari bila kura zao. Anayesema “ugonjwa huu ni wa siasa” baada ya hayo amekosea kuhusu virusi, lakini kuhusu siasa ana hoja.

Hakuna kati ya hayo linalohalalisha kilichotokea tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko wa Kamerun alipopigwa risasi na kuuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Alikuja kusaidia.

“Ebola ya 2021 ilipandwa makusudi.”

Uongo. Virusi huacha alama za ukoo wake katika jeni. Vile vilivyopatikana Butembo Ebola iliporudi Februari 2021 vilikuwa vya ukoo ule ule wa mlipuko wa 2018 hadi 2020. Virusi vinaweza kujificha muda mrefu ndani ya mwili wa baadhi ya waliopona, hasa katika shahawa. Hiyo ni sababu ya kupima na kufuatilia, kamwe si sababu ya kumfukuza manusura nyumbani. Manusura ndio waliowabeba na kuwalisha watoto wachanga wakati mama zao wamelazwa.

“Hapa hakuna historia ya elimu, hesabu zililetwa na wamisionari.”

Huu hauhusu Ebola, lakini unahusu nani anahesabiwa kuwa na elimu. Ni uongo mkubwa, na jibu lilichimbwa katika teritwari ya Beni yenyewe. Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye kipande cha jiwe la kwarzi kwenye ncha na mistari iliyokatwa kwa makundi. Unakadiriwa kuwa na miaka takriban 20,000.

Safu moja ina mistari 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Nyingine ina 9, 11, 19 na 21, jumla 60 tena. Ya tatu jumla yake ni 48. Hapo wengine hurukia kusema ni “kikokotoo cha kwanza duniani”, na hiyo pia si hakika. De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu; Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi; wapo wanaosema mistari ilisaidia tu mkono usiteleze. Mimi naona vigumu kuamini kwamba 60 mbili zimetokea kwa bahati, lakini hayo ni maoni yangu, hayajathibitishwa.

Chini kidogo ya mto huo huo, Katanda, Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa vyenye miiba, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa, na wakakadiria umri wa miaka 90,000 hivi. Ufundi wa uvuvi huo haukuletwa na mtu.

Mfupa wa Ishango uko Brussels. Mwanafunzi wa Butembo anauona kwenye simu.



 

“Utafiti ni wa wageni, sisi tunatoa damu tu.”

Nusu kweli. PALM iliongozwa kwa pamoja na Wamarekani na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba (INRB) ya Kinshasa chini ya profesa Jean-Jacques Muyembe, na jina la kwanza kwenye makala yake ni la daktari Mkongo, Sabue Mulangu. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989.

Nusu nyingine inauma. Marekani iliziidhinisha dawa zile mbili Oktoba na Desemba 2020. Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa wagonjwa wa Ebola, na papo hapo likakiri kwamba kuzipata bado ni shida katika maeneo maskini. Familia za wale 681 zina haki ya kuuliza dawa hizo zimehifadhiwa wapi, na zitafika Beni baada ya siku ngapi mgonjwa mwingine akipatikana.