Kitenzi Kinachouliza: Ulikuwepo?

Kwa Kiswahili, "alifanya" hutosha kwa jambo la asubuhi hii na la enzi za mababu. Kisanskriti cha kale hakikuridhika kirahisi hivyo. Panini, mwanasarufi wa Bara Hindi wa yapata karne ya 5 au ya 4 KK, aliyagawa maumbo ya kitenzi katika makundi 10 yaitwayo lakara, na matatu ni ya wakati uliopita. Akarot: alifanya, kabla ya leo. Chakara: alifanya kabla ya leo, nami sikushuhudia. Akarshit: alifanya, hata ikiwa ni leo hii. Anayejua Kikuyu hatashangaa sana. Huko nako ya leo na ya jana hayasemwi kwa umbo moja.

Lakini utasemaje "nilifanya" kwa umbo la mambo usiyoyashuhudia? Wanasarufi walikuwa na jibu, na nalipenda: labda ulikuwa umelala au umelewa, ukaja kusimuliwa.

Wafafanuzi wa Panini waliongeza kwamba tukio mashuhuri ambalo msemaji hakuliona, ila angeweza kuliona, huchukua umbo la akarot. Mfano wa Patanjali, mmoja wao, ni Wayunani kuuzingira mji wa Saketa. Kwa hoja hiyo ya kisarufi, wataalamu humweka Patanjali karibu na mwaka 150 KK: mzingiro huo lazima ulitokea yeye akiwa hai.

Tofauti hizi zilififia mapema. Katika utenzi wa Mahabharata maumbo yote matatu tayari yanapishana ovyo. Kihindi kiliyaacha, kikajenga wakati uliopita juu ya umbo lililokuwa na maana ya "-liofanywa". Matokeo yake humtesa mwanafunzi hadi leo. Sita ne am khaya, Sita alikula embe: mlaji ni mwanamke, lakini kitenzi ni cha kiume, kwa sababu kinafuata embe. Angekula roti, ambayo ni ya kike, tungesema khai. Tukisema kwamba hula, kitenzi humrudia yeye: khati hai.

Dhamira za kitenzi, yaani kama msemaji anaarifu au anatamani, nazo zilihama. Karoti ya Kisanskriti, "anafanya", ndiyo iliyozaa kare ya Kihindi, ila sasa maana yake ni "afanye": wakati uliopo mpya, karta hai, uliisukumia kwenye matakwa na mashaka. Kisha kare ikaongezewa ga, mabaki ya neno la "-lioenda", ikawa karega, "atafanya". Kwa kuwa ga hiyo hubeba jinsia, msemaji wa Kihindi akisema "nitakuja" ameshajitambulisha: mwanamume husema aunga, mwanamke aungi.