Si Kila Mtundu ni Mtundu

Nani katika sisi tuliosoma chuoni asiyemkumbuka yule mwenzetu mmoja ambaye hakukaliki naye? Wenziwe wamekaa mkekani, misahafu iko juu ya marufaa, sauti zimepanda pamoja. Yeye keshamchokoza wa kulia, keshafumua ukili wa mkeka, keshatoka kwenda kunywa maji mara ya tatu. Akiitwa jina huitika, lakini akiulizwa aya imefika wapi, hajui. Bakora haikumkosa hata siku moja. Mwishowe aliacha chuo, akaacha na skuli, na mtaa ukaimaliza kesi yake kwa neno moja: mtundu.

Neno hili kwetu lina sura mbili. Fundi mtundu husifiwa kwa ustadi wa mikono yake. Mtoto mtundu hulaumiwa, na mamaye hulaumiwa zaidi, eti hakumfunza adabu. Lakini je, mtoto akiwa hawezi, naye akawa anataka? Hilo ndilo swali ambalo wazazi wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi yafaa wajiulize kabla ya mkono kuinuka.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka wa 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia wala kutuliza mawazo. Leo hali hiyo ina jina refu la Kizungu ambalo hufupishwa ADHD. Maana yake ni upungufu wa makini pamoja na kutotulia na kutenda bila ya kufikiri, uliopita kiasi cha umri wa mtoto. Hukisiwa kuwa duniani huwapata kama watoto 5 katika kila 100. Si laana wala matokeo ya malezi mabaya. Mara nyingi hurithiwa katika nasaba, na baba anayemchapa mwanawe huenda naye alikuwa hivyo hivyo utotoni.

Basi hutambuliwaje? Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo itakayotoa jibu. Mtaalamu husikiliza. Humuuliza mama habari za mimba, uzazi, homa na degedege. Kisha hutazama orodha ya dalili: tisa za kukosa makini, na tisa za kutotulia na pupa. Mtoto hutakiwa awe na sita au zaidi katika fungu moja, ziwe zimedumu kwa miezi sita, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaharibu masomo yake au maisha yake, na zionekane mahali zaidi ya pamoja.

Sharti hilo la mwisho lina faida kubwa kwetu. Mtoto wa pwani ana pahali patatu: nyumbani, skuli na chuoni. Anayetulia chuoni lakini akavuruga skuli huenda ana tatizo na somo au na mwalimu. Anayevuruga nyumbani peke yake, pengine nyumbani kuna ugomvi. Lakini anayeshindwa kotekote, na kwa kila mtu, huyo apelekwe kuangaliwa. Kwa hivyo ushahidi wa ustadhi ni hazina, nao haufai kubakia barazani.

Tahadhari nyingine ni kwamba hali hii haipendi kutembea peke yake. Huandamana na shida ya kusoma na kuandika, wasiwasi, ukaidi, usonji, na kifafa. Tena yapo mambo yanayofanana nayo. Mtoto asiyesikia vizuri kwa usaha wa masikio huonekana hatii. Asiyelala vya kutosha hukosa makini. Kuna na kifafa cha kimya, ambacho mtoto hukodoa macho kwa nukta chache tu kisha akarejea. Mwalimu hudhani anaota mchana.

Haya si ya kubuni. Mjini Kilifi, kando ya hospitali kuu, kipo kituo cha utafiti cha KEMRI kinachoshirikiana na Wellcome Trust tangu 1989. Watafiti wake walipita vijijini wakiwauliza kina mama maswali kumi mepesi juu ya watoto wao, kisha wakawapima walioshukiwa. Katika matokeo yaliyotangazwa 2006, juu ya watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na athari ya wastani au kubwa ya ubongo na fahamu. Kifafa kilikuwa 41 katika kila 1,000, upungufu wa akili 31, na uziwi 14. Utafiti mwingine wa hapo hapo, wa 2012, ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye kifafa walikuwa na matatizo ya tabia, ilhali kwa wasio na kifafa ilikuwa kama robo. Tena imeonekana Kilifi kwamba malaria kali iliyopanda kichwani huweza kuacha alama katika usemi, akili na tabia hata baada ya homa kupoa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Msomaji atasema: sisi tuna kombe, tuna dua. Naam, na hakuna anayekuzuia kumwombea mwanao. Lakini dini yetu imetuhimiza kutafuta dawa pia, na kombe la asubuhi halizuii hospitali ya mchana. La hatari ni kumfungia mtoto ndani kwa kuona haya, au kumaliza miaka ukitafuta jini ilhali sikio linavuja usaha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Pa kuanzia pasiwe mbali: hospitali ya serikali ya Malindi au ya Kilifi, ambako ataangaliwa macho, masikio na kifafa, na kupewa barua ya kwenda mbele ikihitajika. Vipo pia vituo vya serikali vya kupima watoto kwa ajili ya elimu maalumu, vilivyoanzishwa nchini 1984. Mzazi aende na daftari za skuli na maneno ya walimu wote wawili.

Ikithibitika, tiba ya kwanza kwa mtoto mdogo ni kumfunza mzazi: amri moja kwa wakati mmoja, sifa kwa kila jema, ratiba isiyobadilika. Darasani akae mbele, kazi ikatwe vipande. Mkubwa kidogo huweza kupewa dawa, kwa amri ya daktari na uangalizi wake. Fimbo haimo katika orodha. Viboko viliondolewa katika skuli za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza fundo.

Wala tusiwasahau watoto wa kike. Wengi wao hawarukiruki. Hukaa kimya, mawazo yako mbali, wakaitwa wazito, wakatolewa skuli mapema bila ya mtu kuuliza.

Samaki hukunjwa angali mbichi, wazee wamesema kweli. Ila mkunjaji amjue kwanza samaki wake.