Mashine Inayozimika Yenyewe: Usikimbilie Kusema ni Virusi

Leo naandika juu ya kitu kidogo ambacho kilimpotezea mwanafunzi mmoja sura nzima ya TFC yake, na kosa lilikuwa langu.

Nilianza na kasekretaria kadogo Masisi-centre: ordinatere moja ya mezani, imprimante moja, pano sola mbili na batiri. Mashine ilikuwa okazyo, niliinunua Goma. Miaka miwili ilifanya kazi bila shida. Halafu maisha yakanihamisha, nikaenda kujipanga Walikale-centre. Mashine ni ileile, batiri ni zilezile. Lakini huko, ikifika saa sita mchana, njo inazimika yenyewe. Unaiwasha, inafanya dakika ishirini, inazimika tena.

Fundi mmoja akaniambia: « Yaya, hii iko na virusi. Tufomati tu. » Nikakubali. Tulifomati, na sura ya tatu ya mwanafunzi yule, ambayo sikuwa nimeiweka kwenye flashi, ikaenda. Kesho yake saa sita mchana, mashine ikazimika vilevile. Virusi gani hivyo vinavyongojea jua liwake?

Hapo njo nilifungua sanduku kwa mara ya kwanza. Kati ya mapezi ya radiatere kulikuwa na vumbi lililoshikana kama blanketi. Ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na radiatere ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Basi tuelewane jinsi joto linavyofanya kazi.

Joto linatoka wapi, linaenda wapi

Karibu umeme wote ambao prosesa inakula unageuka joto. Prosesa ya 65 W ni kama jiko dogo la 65 W ndani ya sanduku. Radiatere inavuta joto hilo, feni inapuliza hewa juu yake, na hewa ya moto inatakiwa itoke nje. Hewa isipotoka, prosesa inapanda. Ikikaribia digrii 100, kwanza inajipunguzia mwendo ili isiungue. Ikishindwa, inazima mashine yote. Kuzimika huko ni kinga, si ugonjwa.

Sasa, kwa nini Masisi hapana, Walikale ndiyo? Feni haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu kwenda kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo prosesa haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Masisi ni milima, hewa ni baridi, jioni unavaa koti. Walikale ni chini, ni pori, joto na unyevu. Kama chumba kimepanda digrii 9, prosesa nayo inapanda karibu hizo 9. Kweli, hewa ya milimani ni nyepesi: kwenye mita 1.500 ni kama 14% pungufu kuliko pwani, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Lakini baridi ya Masisi ilikuwa inafunika upungufu huo. Tena ilikuwa inafunika uzembe wangu wa kutosafisha. Walikale, chini ya mabati, hakuna cha kufunika.

Kabla ya kutoa pesa

Pima kwanza. Ingia kwenye BIOS, au tumia programu ya bure kama HWMonitor. Yangu, wakati wa kazi nzito, ilifika 97.

Halafu safisha. Chomoa umeme, tumia burashi laini. Ukienda kwa fundi wa matairi kupuliziwa hewa, simama mbali kidogo maana kompresa hutoa maji, na shika mapanga ya feni kwa kidole: feni ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika au kurudisha umeme kwenye kadi.

Futa ile dawa ya zamani kwa alkoli, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi haisaidii kitu.

Angalia pia namna unavyoikalisha. Wengi wetu tunafunika mashine kwa kitenge juu ya vumbi, halafu tunaiwasha kitenge kikiwa bado kinaziba mgongo. Wengine wanaacha ubavu wazi siku zote. Hiyo inaingiza vumbi na mende, na njia ya hewa inavurugika. Hewa iingie mbele, itokee nyuma. Acha nafasi ya kiganja kimoja na ukuta.

Mwisho, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, toa kiwango cha juu cha prosesa kwenye 100% uweke 99%. Kwenye mashine nyingi hiyo inazuia prosesa kukimbia kupita kiasi. Kwa kuandika TFC hutaona tofauti, na batiri yako itashukuru.

Kwa hayo tu, yangu ilishuka kutoka 97 hadi 86. Haikuzimika tena, ila saa saba mchana bado ilikuwa inasota.

Kuchagua feni na radiatere

Hapa nilikosea tena. Niliagiza Goma radiatere ndefu kama mnara, juu ya uzuri wa picha. Ilipofika, vishikio vyake havikulingana na kadi yangu, na mlango wa sanduku haukufunga. Pesa ya mwezi ikalala mezani. Basi jifunze kwangu, uliza maswali matano:

1. Soketi ni gani? LGA 1155 si AM4. Mashine nyingi za ofisi za okazyo zina vishikio na plagi za pekee. Fungua, piga picha, mtumie muuzaji.
2. Urefu ni ngapi? Pima kwa rula kutoka prosesa hadi mlango.
3. Inaweza wati ngapi? Prosesa ya 65 W, chukua radiatere ya 95 W au zaidi.
4. Feni ni kubwa kiasi gani? Ya milimita 120 ikizunguka polepole inapuliza sawa na ya 80 inayopiga kelele. Inakula wati mbili au tatu tu.
5. Itasafiri? Radiatere nzito ya karibu kilo moja inaning'inia kwenye kadi. Ipakie kwenye pikipiki kwa barabara zetu, utafika na kadi iliyopasuka. Sisi ambao kesho tunaweza kuhama bila kupanga, tuchukue fupi na nyepesi.

Ile ya maji je? Ni nzuri, lakini pampu ikikufa huku, utaingoja wiki ngapi? Mimi niliiacha.

Mwishowe nilinunua radiatere fupi ya shaba na alumini, na feni moja ya kutolea hewa nyuma. Sasa saa saba mchana mashine iko kwenye 74.

Mara nyingine nikiiangalia nafikiri: bati inayounganisha vipande vya kadi hutengenezwa kwa kasiterite, kama ile ya Bisie, hapahapa Walikale. Tantali ya vikondensa vidogo hutoka kwenye koltani, kama ile ya Rubaya, kule Masisi. Madini yanatoka kwetu, yanarudi yakiwa mashine ya okazyo, na sisi tunaiua kwa kukosa burashi.

Yule mwanafunzi alinikuta mlangoni, akauliza: « Yaya, sura yangu iko wapi? » Nilimwambia ukweli. Tuliandika upya usiku tatu, yeye akisoma madaftari yake, mimi nikipiga. Alidifendi. Sikumlipisha. Sasa kazi ya kila mteja inalala kwenye flashi kabla sijafunga mlango.