Safari na Watoto Wadogo: Tuanze na Mfuko wa Mapajani

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, familia nyingi hapa Songea hujiandaa kwa safari. Wengine huenda kuwasalimu babu na bibi, wengine huitwa kwenye harusi Dar es Salaam. Mwaka mmoja nasi tulisafiri hivyo, baba, mama na watoto watatu, mdogo akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Tulifungasha kwa siku mbili. Tulikuwa na shangazi kaja mbili, begi kubwa la nguo, ndoo ya unga, kiroba cha mchele na kikapu cha chakula. Tukajiona hodari sana.

Kabla ya kufika Njombe mtoto mdogo alianza kuharisha. Tulimbadilisha mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nepi za mkononi zikaisha. Kisha akaanza kutapika. Midomo ikamkauka, akawa analia bila machozi. Akina mama, kazi yetu ni uuguzi. Dalili hizo za kupungukiwa maji mwilini tunazifundisha kliniki kila juma. Na paketi za ORS tulikuwa nazo! Nepi zilikuwepo, na blanketi pia. Lakini vyote vilikuwa katika begi la nguo, na begi lilikuwa ndani ya buti la basi, chini ya magunia ya mahindi. Konda alituambia kwa upole kwamba buti lisingefunguliwa mpaka Makambako.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa kiti cha nyuma, muuza mboga. Alifungua pochi yake, akatoa paketi moja ya ORS na chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa. "Mlitufundisha wenyewe kliniki, dada," alisema alipojua kazi yetu. Tulimnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja, na tulipofika Makambako alikuwa ameanza kuchangamka. Tulishukuru, lakini pia tuliona aibu.

Tangu siku hiyo tumejua kwamba mizigo haipangwi kwa wingi wake. Hupangwa kwa saa utakayoihitaji.

MAFUNGU MATATU

Kabla ya kufunga begi lolote, tandika mkeka na ugawe vitu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vitu vitakavyohitajika mtoto akiwa amekupakata. Huu ndio mfuko wa mapajani. Hauachani na mama hata anaposhuka kujisaidia.

Fungu la pili ni la vitu vya kutumia basi linaposimama, yaani chakula, maji ya ziada na nguo moja moja za kubadilisha. Begi hili dogo likae miguuni. Juu ya viti tuweke vitu vyepesi tu, maana breki ikishikwa ghafla, kitu kizito huweza kumwangukia mtoto kichwani.

Fungu la tatu ni la vitu ambavyo hutavigusa mpaka ufike. Hayo ndiyo ya buti. Jiulize, "Begi hili likichelewa kufika, mtoto wangu atapata shida usiku wa leo?" Kama jibu ni ndiyo, kuna kitu ndani yake kilichokosea njia.

MFUKO WA MAPAJANI

Sisi huweka vitu vifuatavyo:

1. Kadi ya kliniki ya kila mtoto. Ukilazimika kushuka njiani kutafuta matibabu, muuguzi usiyemjua ataona uzito na chanjo za mtoto bila kukuuliza mengi.

2. Paketi mbili za ORS, kijiko, na chupa ya lita moja ya maji safi isiyoguswa kwa kazi nyingine. Paketi ya lita moja huyeyushwa katika lita moja kamili, si katika kikombe. Mtoto akitapika, subiri dakika kumi kisha uendelee polepole. Maji hayo yakipita saa 24, yamwage, uchanganye mengine. Anayenyonya aendelee kunyonya.

3. Dawa ya homa ya watoto na kipimo chake, pamoja na dawa yoyote ambayo mtoto anaitumia kila siku. Vidonge vya kuzuia kutapika vya watu wazima usimpe mtoto bila ushauri. Afadhali akae dirishani, atazame mbele, na asishibishwe kupita kiasi kabla ya safari.

4. Nepi za kutosha safari nzima, na tatu za akiba.

5. Kanga mbili. Kanga ni mbeleko, ni shuka, ni taulo, na ni pazia mtoto anapojisaidia kando ya barabara.

6. Kopo lenye mfuniko, kwa anayetapika. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tusiitegemee kama zamani.

7. Kipande cha sabuni, na chupa ndogo ya maji iliyotobolewa kifuniko. Ukiibana hutoa maji kidogo kidogo, nayo hunawisha mikono mingi.

NGUO NA CHAKULA

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na hali ya hewa si moja. Tunaondoka alfajiri, Njombe kuna baridi kali mwezi Juni, na tukishateremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni joto hutupokea. Usibebe mabegi mawili ya nguo kwa sababu hiyo. Mvalishe mtoto fulana nyepesi ndani, shati juu yake, kisha sweta na soksi. Njiani utakuwa unampunguza tu.

Chukua chakula kikavu kisichomwagika: chapati, viazi vitamu, ndizi mbivu. Mayai ya kuchemsha yaliwe mapema asubuhi. Maziwa na vyakula vyenye mchuzi viache nyumbani, maana huchacha upesi. Karanga na pipi ngumu usiwape wadogo ndani ya basi. Basi likirusha, huweza kuwapalia.

HESABU MIKONO

Jambo la mwisho tulilijifunza stendi. Tuliposhuka Dar es Salaam, mikono minne ya wazazi ilikuwa imeshika mizigo sita. Nani alimshika mtoto wa miaka minne? Hakuna. Alipotea machoni petu dakika chache tu, lakini dakika hizo hatujazisahau.

Siku hizi mabasi yetu huishia Stendi ya Magufuli, Mbezi, iliyofunguliwa mwaka 2021, na watu ni wengi mno. Kwa hiyo tunahesabu mikono kabla ya mizigo. Mama ana mbeleko na mkono wa mtoto mmoja; baba ana mkono wa mtoto mwingine na begi moja. Kinachozidi hapo hakisafiri. Unga na mchele hata Dar es Salaam vinauzwa. Pia tunatia katika mfuko wa nguo ya kila mtoto karatasi yenye jina la baba na namba ya simu.

Na kama njiani mtoto analegea, hawezi kunywa, macho yamedidimia au anaharisha damu, shukeni katika mji wa karibu wenye hospitali. Msisubiri kufika. Nauli hupatikana tena.

Jioni ya kabla ya safari, watoto wakishalala, kaeni na baba mfungue mfuko wa mapajani, mguse kitu kimoja kimoja. Kisha ombeni pamoja, mkalale mapema. Na paketi ya ORS ikizidi, msiirudishe kabatini. Huenda katika kiti cha mbele yuko mama aliyeiacha ya kwake ndani ya buti.